Na Mimi Umeniandika Wapi?

Fomu ilikuwa na mistari saba: jina la kisayansi, jina la kienyeji, mahali, tarehe, maelezo ya mmea, namba, na mkusanyaji. Mwaka ule wa 2016 nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nimetumwa nyumbani kwetu Sikonge wakati wa likizo nikusanye mimea ya miombo ambayo nyuki huipenda. Kwa kuwa sikujua hata mmoja kwa jina, nilimfuata babu mzaa mama, ambaye alikuwa akitundika mizinga ya magome katika msitu ule tangu kabla mama hajazaliwa. Tulitembea siku tatu. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama, anapindisha tawi, anataja jina, anasema huu huchanua mwezi gani na asali yake ina rangi gani. Mimi kazi yangu ilikuwa kukata, kubana kati ya magazeti, na kuandika.

Siku ya tatu jioni akaichukua fomu moja, akaigeuzageuza. Kusoma anajua.

"Hapa pameandikwa mkusanyaji, halafu jina lako. Na mimi umeniandika wapi?"

Nikamwonyesha mstari wa jina la kienyeji. "Hapa, babu. Hili jina si umenipa wewe?"

"Hilo ni jina la mti, bwana. Nauliza langu."

Nilicheka, naye akacheka, maana babu na mjukuu ni watani. Lakini sikuandika. Nilijitetea moyoni kwamba fomu haina nafasi. Karatasi zile zikaenda zikafungiwa kabatini chuoni, na kila moja ina jina langu mimi, kijana ambaye wakati ule hakuweza kuutofautisha mninga na mtundu.

Ndugu msomaji, makala hii si ya Sikonge. Ni ya kusini mwa Afrika, Angola na Namibia na Afrika Kusini, ambako katika miaka hii mimea na wadudu wa asili wanasomwa jenomu zao, mmoja baada ya mwingine. Lakini swali la babu ndilo nililokwenda nalo huko. Nilikwenda kwa njia ya vitabu na majarida, kwani nauli ya safari ya kweli sina.

Jenomu ni nini? Nitaieleza kama nilivyoielewa mwenyewe, wataalamu wanisamehe. Ndani ya chembe hai, iwe ya jani au ya nyuki, mna uzi mrefu wa DNA, na uzi huo umeandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Mfuatano wote wa herufi hizo, tangu mwanzo hadi mwisho, ndio jenomu ya kiumbe hicho. Binadamu ana herufi kama bilioni 3. Nyuki wa asali ana zaidi kidogo ya milioni 200. Ziko sehemu zinazotoa maagizo ya kutengeneza kitu fulani mwilini, hizo ndizo jeni, na ziko sehemu ndefu ambazo kazi yake bado inabishaniwa. Kusoma jenomu ni kuziorodhesha herufi hizo kwa mpangilio wake. Lakini kuzisoma si kuzielewa. Mtoto wa madrasa anaweza kuisoma juzuu nzima kwa sauti bila kukosea, na Kiarabu asikijue.

Nianze na mmea mmoja wa jangwani. Friedrich Welwitsch, tabibu na mtaalamu wa mimea kutoka Austria, alitumwa Angola na serikali ya Ureno, akafika Luanda mwaka 1853. Mwaka 1859, kusini kabisa mwa nchi ile, karibu na Cabo Negro, akakutana na mmea ambao husimuliwa kwamba ulimfanya apige magoti kwenye mchanga wa moto akautazama tu, akiogopa kuugusa asije akagundua kwamba anaota. Shina lake ni pana na fupi, limebonyea katikati. Majani yake ni mawili. Namaanisha mawili maisha yake yote. Hayapukutiki. Yanaota kutokea shinani mwaka hata mwaka, upepo unayachana kuwa mikanda, nchani yanakauka na kuliwa na jua, na chini yanaendelea kuota. Iko mimea ya namna hii inayokadiriwa kuwa na umri unaozidi miaka 1,000, katika jangwa la Namib ambalo mvua yake ya mwaka mzima sehemu nyingine haijazi hata kikombe, na ukungu wa baharini ndio unaoleta unyevu.

Wenyeji wa Angola waliuita mmea huo tumbo. Mswahili akionyeshwa picha ya shina lile na kuambiwa linaitwa tumbo, hatashangaa hata kidogo. Welwitsch mwenyewe, na hapa lazima nimtendee haki, alipendekeza mmea uitwe Tumboa, kwa kufuata jina la wenyeji. Aliyekataa ni Joseph Hooker wa bustani ya Kew, Uingereza, aliyeuandika rasmi akauita Welwitschia mirabilis, yaani Welwitschia ya ajabu. Waherero wa Namibia wana jina lao, onyanga, kitunguu cha jangwani, maana zamani kiini chake kilichimbwa kikaokwa kwenye majivu ya moto kikaliwa. Hivi mtu aliyekwisha kuoka kitu na kukila, tunawezaje kusema kwamba kitu hicho kiligunduliwa na mwingine?

Welwitsch alipofariki London mwaka 1872, ukazuka ugomvi juu ya shehena yake ya mimea mikavu. Serikali ya Ureno ilidai ni mali yake kwa kuwa ndiyo iliyomlipa, na wasimamizi wa wosia wake wakashikilia kwamba iende kule alikotaka marehemu. Ukamalizwa kwa mapatano mwaka 1875. Angola haikuwa upande wowote wa ugomvi ule.

Sasa tuiruke karne moja na nusu. Mwezi Julai 2021 jenomu ya Welwitschia ilitangazwa katika jarida la Nature Communications. Kazi hiyo iliongozwa na watafiti wa China, wa bustani ya mimea ya Fairy Lake mjini Shenzhen, wakishirikiana na wenzao wa London na wa kituo cha utafiti cha Gobabeb, kilichoko humo humo jangwani Namibia. Zilipatikana herufi bilioni 6.8, zaidi ya maradufu ya binadamu. Wakagundua kwamba miaka kama milioni 86 iliyopita jenomu nzima ya mmea huo ilijinakili ikawa mbili. Na katika miaka milioni moja au mbili iliyopita, wakati ukame ulipozidi, vipande vya DNA vyenye tabia ya kujinakili na kujipachika hovyo vilifumuka kwa wingi, na mmea ukalazimika kuvinyamazisha kwa kuvibandika alama za kikemia. Kwa hiyo yale majani mawili yanalishwa na jenomu kubwa iliyojaa matakataka yaliyofungwa mdomo. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Nilimwonea wivu yeyote aliyekuwa wa kwanza kuijua.

Ndipo nikajikuta natafuta kule mwisho wa makala, kwenye orodha ya majina na shukrani. Tangu Sikonge nimekuwa na ugonjwa huo: nikifungua makala ya namna hii, naanzia mwisho.

Kwenye wadudu mambo ni yale yale, ila kuna kisa kimoja kinachotugusa hata sisi wa Tanzania. Mwaka 2002 jarida la Science lilitangaza oda mpya ya wadudu. Oda si jambo dogo: vipepeo wote na nondo wao ni oda moja, mbawakawa wote wa dunia ni oda moja. Mara ya mwisho wataalamu kuongeza oda mpya ya wadudu walio hai ilikuwa mwaka 1914. Na hii mpya ilitoka wapi? Kwenye droo za makumbusho ya Ulaya. Alikuwamo mdudu mmoja aliyechukuliwa Namibia mwaka 1909, na mwingine aliyechukuliwa Tanganyika mwaka 1950, mfano wa vunjajungu asiye na mabawa, wamekaa humo miongo mingi bila mtu kujua ni nini. Baada ya hapo watafiti walipanda mlima Brandberg huko Namibia wakawakuta wako hai, wanawinda. Kisha wakaonekana kwa wingi magharibi mwa Rasi, Afrika Kusini, vichakani, karibu na barabara. Hutembea wameinua ncha za miguu kama mtu anayeogopa kulowa, na huitana kwa kugongagonga matumbo yao chini. Herufi za DNA zao zilipolinganishwa na za wadudu wengine, jamaa yao wa karibu kabisa alionekana kuwa mdudu wa milima ya barafu ya kaskazini mwa dunia. Oda nzima, jamani, na wachunga mbuzi wa Namibia bila shaka walikuwa wakiiruka kila siku.

Nakuja kwenye chai. Rooibos, ile chai nyekundu isiyo na kafeini, hutoka kwenye kichaka kinachoota kiasili katika milima ya Cederberg na jirani zake, kaskazini ya Cape Town. Wakhoi na Wasan waliijua zamani. Kwenye miaka ya 1930 tabibu wa mji wa Clanwilliam, Le Fras Nortier, alikuwa akijaribu kuipanda shambani. Kikwazo kilikuwa mbegu. Kichaka hicho kina mbegu ndogo sana, zikikomaa hurushwa mbali, na kuziokota mchangani ni kama kuokota chawa kwenye blanketi. Nortier akaahidi kulipa kwa atakayeleta. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kikhoi aliwaona sisimizi wakiburura mbegu, akawafuata hadi kwenye shimo lao, akalibomoa, akakuta ghala. Kutokana na ghala za sisimizi biashara ikaanza, na bei ya mbegu ikapanda hadi kufikia paundi 80 kwa ratili moja, fedha ambazo wakati ule zingenunua ng'ombe kadhaa.

Nortier ana jina, shahada ya heshima na kumbukumbu. Kisa kinaposimuliwa, yule mwingine mara nyingi huitwa "mama mmoja". Nimekisoma mara nne au tano, na kila mara sisimizi wameelezwa vizuri kuliko yeye.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape walikadiria jenomu ya rooibos kuwa na herufi kama bilioni 1.2, hatua ya kwanza kabla ya kuisoma yote. Lakini katika hadithi hii ya chai, jambo kubwa lilitokea nje ya maabara. Novemba 2019, baada ya mazungumzo ya miaka tisa, mabaraza ya Wasan na Wakhoi yalitia saini na wenye biashara ya rooibos: asilimia 1.5 ya bei ya chai inapotoka shambani iende kwao kila mwaka. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2022, randi milioni 12.2. Ni kidogo ukilinganisha na miaka mia. Lakini ilikuwa mara ya kwanza biashara nzima ya zao, siyo kampuni moja tu, kukubali kwamba kuna watu waliolijua kabla yake.

Walikuwa wameshafundishwa na hoodia. Hoodia ni mmea wa jangwani kama dungusi, ambao Wasan waliutafuna wawindapo ili wasisikie njaa. Taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini, CSIR, ilianza kuuchunguza mwaka 1963, na katika miaka ya 1990 ikaomba hataza ya kemikali zake, ikauza leseni kwa kampuni ya Uingereza, kwa matumaini ya dawa ya kupunguza unene. Wasan hawakuulizwa. Habari zilipotoka magazetini mwaka 2001, upande wa kampuni ulieleza kwamba walidhani watu hao wameshatoweka. Hebu fikiria! Mapatano yalifikiwa mwaka 2003. Dawa yenyewe haikufika sokoni. Mwaka 2008 kampuni kubwa iliyokuwa imeichukua ikajitoa. Wasan wakabaki na asilimia zao za kitu kisichouzwa.

Sasa nyuki. Hapa nitakawia, kwa sababu nimekulia chini ya mizinga.

Kila mrina asali anajua kwamba malkia akifa na nyuki wakashindwa kumpata mwingine, baadhi ya nyuki wafanyakazi huanza kutaga. Babu hulitambua kundi la namna hiyo kwa mlio tu, kabla hajafungua mzinga. Mayai yao hayakupandishwa, kwa hiyo hutoka madume matupu, wanaokula na hawafanyi kazi, na kundi linakwisha. Ndivyo ilivyo kwetu, na ndivyo ilivyo karibu duniani kote. Isipokuwa Rasi.

Mwaka 1912, mfuga nyuki mmoja wa Rasi, George William Onions, aliandika katika jarida la kilimo la huko kwamba nyuki wake wafanyakazi, bila kupandwa na dume, wanataga mayai yanayotoa majike. Hata malkia hupatikana kwa njia hiyo. Wataalamu wengi hawakuamini. Sheria ya nyuki ilikuwa imeshaandikwa na padri wa Silesia, Johann Dzierzon, tangu karne ya 19: yai lisilopandishwa ni dume, basi. Na huyu Onions ni nani? Mtu wa mizinga. Miaka michache baadaye mtaalamu wa wadudu, Rupert Jack, aliyapitia majaribio yake na kuyatangaza London, lakini mashaka yaliendelea kwa miongo kadhaa hata baada ya hapo. Kumbe mtu wa mizinga alikuwa amesema kweli. Kwa nyuki wa Rasi, yai linapogawa urithi wake nusu kwa nusu, nusu mbili hurudiana zikaungana, na mtoto anazaliwa jike, karibu sawasawa na mama yake herufi kwa herufi.

Ungeweza kudhani ni ajabu ya kufurahisha tu, ya kuwasimulia wageni. Mwaka 1990 wafuga nyuki walisafirisha makundi ya nyuki wa Rasi kwenda kaskazini mwa Afrika Kusini, katika eneo la nyuki wa savana, ambao ndio hawa hawa tulio nao sisi mpaka Tabora. Kule kaskazini, majira ya baridi, shubiri za mwituni huchanua kwa pamoja na wafuga nyuki wengi hukusanya mizinga yao mahali pamoja kuzifuata. Basi mfanyakazi wa Rasi huingia mzinga wa wenzake, ananukia kama malkia, hawamfukuzi. Anataga. Majike wanaozaliwa hawachoti maji wala hawaendi mauani, wanalishwa na wenyeji, na wao pia wanataga. Malkia mwenyeji anapotea. Wanaofanya kazi wanapungua, walaji wanaongezeka, mpaka siku moja mzinga uko kimya. Wageni wanahamia mzinga wa pili. Makundi yalikufa kwa maelfu kwa maelfu, na janga hilo halijakoma.

Ndipo uchunguzi wa DNA ulipotoa jibu lililonisisimua nywele. Wavamizi wote waliopimwa, waliotapakaa katika mikoa mbalimbali, walionekana ni nakala. Wote wametokana na nyuki mfanyakazi mmoja aliyeishi mwaka 1990. Mmoja! Nyuki wa kawaida aliyepaswa kufa baada ya wiki chache angali anaendelea kuzaliwa upya, na mafundi wa mizinga wanaendelea kumzika.

Jenomu ya nyuki wa asali ilitangazwa katika jarida la Nature mwaka 2006, ikiwa imesomwa kutoka kwa nyuki wa Marekani wa asili ya Ulaya. Kwa msingi huo watafiti wakaanza kumlinganisha nyuki wa Rasi na ndugu zake, herufi kwa herufi, wakitafuta lile agizo linalompa uwezo wake. Mwaka 2020 kundi lililoongozwa kutoka Sydney lilitangaza kwamba ni jeni moja tu. Wengine walikuwa wamenyoosha kidole mahali pengine, na ubishi haujaisha. Hata kama umeisha kesho, ukihesabu tangu Onions ni zaidi ya karne moja kufika pale mfuga nyuki alipokuwa ameanzia. Silaumu. Kuona ni jambo moja na kujua kwa nini ni jambo lingine, na hilo la pili linahitaji mashine. Ninachosema ni kwamba Onions alikuwa na bahati: alijua kuandika Kiingereza, na jarida lilimchapa. Wale waliofuga au kurina nyuki wa Rasi kabla yake, na waliona aliyoyaona, tungewakuta wapi?

Niliwahi kuingia kwenye hifadhi ya kimataifa ya herufi hizi, kwa kompyuta ya kukodi mjini Tabora, nalipa kwa saa. Ziko wazi, hazina nywila. Niliandika jina la nyuki na zikaja, safu kwa safu, A na T nyingi mno. Kila sampuli ina kadi yake: spishi, nchi, tarehe, na chini kidogo, mkusanyaji. Nilicheka peke yangu mpaka kijana wa zamu akaniangalia. Kumbe ni fomu ile ile.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wa leo. Mkataba wa Bayoanuai wa mwaka 1992 ulisema kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe vyake, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kazi mwaka 2014, ikaweka taratibu: ukichukua mmea au ujuzi, omba ruhusa, gawana faida. Lakini itifaki ilitungwa ikiwaza jani. Jani lina uzito, lina kibali, lina afisa wa forodha wa kulipekua. Herufi hazina. Ukishazisoma na kuziweka hadharani, kampuni ya mbali inaweza kutengeneza kemikali ya mmea wa Cederberg ndani ya hamira bila kukanyaga Cederberg wala kuugusa mmea. Nchi za Afrika zimelipigia kelele jambo hili miaka mingi. Mkutano wa Montreal wa Desemba 2022 ulikubali kimsingi, na ule wa Cali, Kolombia, ulioanza Oktoba 2024, ukaunda mfuko: makampuni yanayonufaika na herufi yachangie sehemu ya faida au mapato yao, na angalau nusu ya fedha iwafikie watu wa asili na jamii za wenyeji. Mfuko ulizinduliwa Februari 2025. Kuchangia ni hiari. Neno hilo hiari babu angelijua vizuri, maana kijijini kila mchango huanza nalo.

Wako wanaosema dawa ni kuzifungia herufi. Mimi sikubaliani nao, ingawa hasira yao naielewa. Zingefungwa, mimi na buku yangu ya saa moja pale Tabora nisingeziona kamwe. Wenye fedha wangezipata tu kwa njia nyingine. Nawaelewa zaidi wale wanaosema tuzisome wenyewe. Na imeshaanza. Mwaka 2017 ilitangazwa jenomu ya Xerophyta viscosa, mmea wa milimani Afrika Kusini unaokauka hadi kupoteza asilimia 95 ya maji yake, unavunjika mkononi kama tumbaku, kisha ukinyeshewa unarudi kijani baada ya siku chache. Miongoni mwa walioisoma ni Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliyeutumikia mmea huo na wenziwe kwa miaka mingi, akitafuta namna ya kuyafundisha mahindi kustahimili ukame. Uko mradi wa Afrika Kusini uitwao 1KSA, wenye lengo la kusoma spishi 1,000 za nchi ile humo humo nchini, kwa mashine ndogo za siku hizi zinazopitisha uzi wa DNA kwenye tundu na kuzitambua herufi zikipita. Na uko mradi wa bara zima, Africa BioGenome, uliojiwekea shabaha ya spishi 105,000, na miongoni mwa waanzilishi wake yumo mwanasayansi wa Kenya, Anne Muigai. Sijui kuomba dua ndefu, lakini hii naiombea.

Hata hivyo mashine ikiwa Cape Town badala ya Shenzhen, bado lazima mtu aende porini, na porini lazima awepo mtu wa kupindisha tawi. Fomu ikibaki ile ya mistari saba, sioni tofauti yake kwa aliyepindisha.

Mwaka jana nilirudi chuoni kwetu. Mtunzaji wa kabati la mimea, dada mmoja mpole aliyenipita miaka michache, alizitoa karatasi zangu. Majani yamegeuka kahawia, maandishi yangu yanatia aibu. Nikamwomba nifute jina langu niandike la babu. Akakataa kabisa: lebo ya awali haifutwi, ndiyo sheria. Ila inaruhusiwa kubandika kijikaratasi pembeni, kama wafanyavyo wataalamu wanaporekebisha jina la mmea.

"Nimwandike kama nani?" akaniuliza, kalamu mkononi. "Mkusanyaji wa pili?"

Nikasema hapana, hakukusanya, alionyesha. Tukakaa tunatafuta neno. Mwishowe akaandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, jina la babu lote matatu, na mbele yake: aliyeonyesha mmea. Karatasi kumi na tisa, vijikaratasi kumi na tisa. Tulimaliza saa tisa alasiri.

Jioni nikampigia babu simu, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kama kuna posho.